Tetere Adai Talaka

Zamani, ndege walipokuwa na mashauri, Kunguru ndiye aliyewasemea, na kwa kila hoja aling'oa unyoya mmoja wa bawa la aliyemsemea kuwa ujira wake.

Tetere na mumewe walitaka kuachana, wakagombea kiota. Kunguru aliwasemea wote wawili, akasema, akasema. Manyoya yakaelea kama ukungu, Tetere akasinzia. Akaota amepata talaka yake, akakunjua mabawa, upepo ukapenya kwenye mapengo ya manyoya. Akazinduka.

"Mume wangu, tukishaachana tutaruka kwa manyoya gani?"

Mume akajitazama, akanywea. "Kiota chukua wewe. Mimi nitajenga kingine."

"Hoja zangu bado!" akafoka Kunguru.

Hawakumsikia. Manyoya yaliyobaki yalimtosha kila mmoja kufika kwake, wala hayakuzidi.