Mgeni wa Darasa la Umeme

Jina liliitwa mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ndipo mgeni aliposhtuka, akanyanyua mkono kama mtu aliyeguswa na waya.

"Nipo, mwalimu."

"Upo wapi sasa, na mimi nakauka koo?"

Darasa likacheka. Mwalimu akatia tiki kwenye karatasi ya mahudhurio. Mgeni akaikodolea macho ile tiki mpaka karatasi ilipokunjwa, ndipo akashusha pumzi.

Barua ya chuo ilikuwa wazi, na alishaisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo: mwanafunzi wa kuhamia akikosa kipindi hata kimoja wiki mbili za kwanza, nafasi yake anapewa mwingine. Udhuru haupokelewi, hata wa daktari. Na nafasi yenyewe nyumba nzima ilikuwa imeisubiri mwaka mzima, roho mkononi.

Simu ikatetemeka mapajani. Mdogo wake.

"Darasa likoje? Umekaa wapi?"

"Nyuma, dirishani," akaandika chini ya meza. "Feni tatu, inazunguka moja. Wasichana tuko wanne tu."

"Mwalimu je?"

"Mfupi, ana kalamu kila mfuko. Anaandika kama anakimbizwa."

"Piga picha ubao."

Akapiga. Hilo aliliweza. Ubaoni palikuwa na mistari, miduara, na herufi zilizopandiana migongoni. Alinakili kila kitu, mpaka doa la wino lililokuwa pembeni, maana hakujua kama nalo ni hesabu.

Kitu pekee alichokielewa mle ndani kilikuwa kichwa cha msichana aliyekaa mbele yake. Nywele zimesukwa mistari kumi na miwili, wa tano umepinda, na aliyesuka alikuwa na haraka zake. Vidole vikamwasha.

"Wewe mgeni," mwalimu akasema. "Njoo ututafutie ukinzani wa hii saketi."

Akaenda. Akashika kalamu. Akasimama. Feni ile moja ikawa inalia kwi, kwi, kwi, na jasho likamshuka mgongoni kama vile haipo.

"Huko ulikotoka mlifika wapi?"

"Mwanzoni mwanzoni, mwalimu."

"Mwaka wa pili una mwanzoni mwanzoni?" Hakuuliza kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Kaa, mwanangu. Tafuta mwenzio akuelekeze."

Aliporudi kitini, msichana wa mistari akamgeukia. "Usijali, shoga. Mimi wiki ya kwanza nililia chooni. Halafu matokeo yako ya kule tumeyaona ofisini, umetupita wote humu. Ukizoea tu, tutakukoma."

Mgeni akatabasamu, machozi yanamlenga.

Kipindi cha pili aliitika mapema mno, mwalimu hata hajamaliza jina. Cha tatu hivyo hivyo. Cha nne sauti ilishakauka, akapunga mkono. Kila kipindi alitoka na kurasa zimejaa na kichwa kitupu.

Saa tisa, akiwa anakaribia geti, karani wa ofisi akamwita dirishani.

"Wa kuhamia, Jumatatu asubuhi uje upigwe picha ya kitambulisho. Na cheti chako cha zamani chenye picha uje nacho, tulinganishe."

"Lazima iwe Jumatatu?"

"Unaogopa kamera, na uzuri wote huo?"

Akacheka kwa kuwa karani alicheka.

Saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, aliingia wodi ya mifupa, kitanda cha tisa. Mdogo wake alishanyoosha mkono kupokea daftari kabla hata ya salamu. Mguu wake mmoja ulikuwa umetundikwa juu kwa kamba, tangu siku ile pikipiki ilipomgonga. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaupitishia macho haraka haraka, midomo ikicheza, kama anayesoma barua ya mpenzi.

"Dada, hili doa ni la nini?"

Dada mtu alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu.

"Wameita jina lako vipindi vinne leo," akasema. "Vyote nimeitika. Jumatatu wanataka na sura."