Kigae cha Mlangoni kwa Bi Pundamilia

Zama zile wanyama walipoanza kutandaza vigae sakafuni, hakukuwa na fundi aliyesifiwa kama Kakakuona, aliyejivunia kazi isiyo na dosari. Siku moja mteja wake, mjane Bi Pundamilia, alimwita akifoka.

"Fundi, umeniharibia nyumba! Kwa magamba hayo mgongoni, nilidhani unajua kupanga."

"Nionyeshe palipoharibika, mama."

"Kote!"

Kakakuona, akihofia jina lake, aligonga kigae kimoja kimoja kwa ukucha. Vyote vilitoa sauti nzito, maana vilishika saruji barabara. Kimoja tu, cha mlangoni, kililia kama mtungi mtupu: chini yake saruji haikuenea. Akaona aibu.

"Hapa nimekosea, mama. Nakibandua sasa hivi."

"Usikiguse!" Bi Pundamilia alimzuia. "Hicho ndicho kizuri pekee. Marehemu alipoingia, sakafu ya zamani ililia hivyo hivyo chini ya kwato zake. Hivi vingine vimenyamaza tu, na mimi bado nasikiliza."

Kakakuona alikusanya vifaa vyake. Akitoka, alikikanyaga kigae kile mara mbili, kwa kishindo. Ndani, Bi Pundamilia akainua masikio.