Stroberi za Kurudishia Sahani

Siku hizo mashamba ya Tanga yaliotesha matunda kwenye maji matupu, bila udongo, na hayakuchuma tunda mpaka yajue nani atalila. Kila asubuhi kasha lilifika mlango kwa mlango na stroberi za kuwatosha wenye nyumba. Halikuoza tunda, halikubaki tunda. Zawena alilisifu shamba lake kama mtu anavyomsifu fundi wake wa nguo.

Kilichomsumbua ni sahani. Jirani yake, Bi Mwanahawa, alimletea vitumbua, na sahani ya watu hairudishwi tupu. Zawena mwenyewe mapishi hayajui. Ataitilia nini?

Leo kasha likaja na stroberi tano zaidi, nyekundu, zimenona.

“Wallahi hawa watu wana akili!” akacheka peke yake. Akazipanga kwenye sahani, akajitanda kanga, akaenda kupiga hodi.

Mlango ulifunguliwa hata hajamaliza.

“Karibu, shoga. Nilikuwa nakungoja.”

“Umejuaje kama nakuja?”

“Kasha langu leo limepungua stroberi tano.”

Bi Mwanahawa akanyoosha mikono kupokea. Zawena akabaki ameing’ang’ania sahani, hajui tena zawadi ile inatoka kwa nani.