Mtihani wa Kunyamaza

Teke la tatu lilimpata Nderitu ubavuni, naye nusura acheke.

Walimkamata mchana kweupe akitoka Bondeni, wakamsukuma ndani ya ghala la mahindi. Askari wawili na sajini wao. Swali lilikuwa moja tu: nani alikulisha kiapo? Nderitu akatema jino, akanyamaza.

Kunyamaza alifundishwa na Mathenge, fundi cherehani ambaye hata darasa la nne hakulimaliza. Wanafunzi wengine wa Mathenge waliliogopa somo hilo kuliko lile la kutengeneza bunduki. Nderitu, aliyekaa chuo kikuu Kampala miaka miwili na kukipita Kilatini, alilidharau waziwazi.

"Mwalimu, Kilatini watu hufeli. Lakini kufunga mdomo? Nani atafeli?"

Mathenge hakukasirika. "Siku moja watu wangu watakushika, wamevaa kama askari. Watakupiga kweli kweli. Huo ndio mtihani, na siku yake sikwambii. Ukipita, unaingia msituni kwa wapiganaji. Na ujue, jina langu likifika kwa askari wa serikali, mimi ni wa kunyongwa."

Msitu ndio Nderitu alioutaka. Kaka yake alipigwa risasi mbele ya mama yao, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Askari mfupi akachukua koleo, akaung'oa ukucha wa kidole gumba. Nderitu alipiga yowe mpaka njiwa wakatoka darini. Maumivu hayo hayakuwa na mzaha hata kidogo. Hata hivyo hakutaja mtu. Koleo likashika kidole cha pili.

Sajini akajipangusa jasho. "Endelea tu kunyamaza. Si wewe ni msomi? Basi leo umepata mtihani."

Mtihani! Nderitu akawatazama upya. Sweta la sajini lilikuwa limetoboka kiwikoni. Mzungu wa kuwasimamia hakuwepo. Na mpaka saa hiyo hakuna aliyemwuliza kipande, kile kitambulisho ambacho kila Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Askari gani wa Nakuru haanzi na kipande? Loo, Mathenge angalau angewafundisha vijana wake kuigiza!

Furaha ikampanda hadi kichwani. Alikuwa amevumilia mateke, jino na ukucha, na msomi hapotezi kucha tisa zilizobaki kwa mchezo aliokwisha kuutambua. Akacheka kwa sauti, damu ikimchuruzika kidevuni, akaugeukia mlango.

"Nimepita! Mwalimu Mathenge, ingia basi, uwaambie watu wako waniache!"

Koleo likalegea. Askari wawili wakatazamana. Sajini akatoa kijidaftari mfukoni, akalamba ncha ya penseli.

"Mathenge," akasema polepole, akiandika. "Mathenge wa wapi?"