Moyo wa Namba Kumi na Saba

Haya ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza. Nikibainika nimeficha hata chembe, nitafua nguo za nyumba nzima kwa mikono yangu miwili, mwezi mzima, mashuka yakiwemo.

Basi fundi bomba mmoja mstaafu alipanda ngazi za hospitali, akapumzika mara mbili njiani, akafika chumba cha watafiti akihema kama pampu iliyovuta hewa. Mtaani walimwita Wakili. Sheria hakusoma hata siku moja. Ila zamani alishinda siku tatu akizibua sinki la wakili, na inasemekana kila kilichokwama mle kilimwingia kichwani.

"Shikamoo, mzee," alisema mtafiti, daktari kijana aliyechomeka kalamu mbili nyweleni na sasa alikuwa akitafuta ya tatu mezani.

"Marahaba, binti yangu. Hizi ngazi mmeziongeza tangu nije mara ya mwisho."

Alitoa kifaa mfukoni, akakiweka mezani. Kilikuwa kama saa ya mkononi isiyo na mishale. Kazi yake kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Wazee mia mbili walipewa kimoja kimoja wakivae miezi sita, ili ijulikane mioyo ya watu wazima inaishi vipi. Mkanda wa hiki ulikuwa umefungwa tundu la mwisho kabisa, na ulinukia sabuni ya kufulia.

"Limebaki jambo moja," daktari alisema. "Kwenye fomu ya ridhaa uliweka alama kisanduku cha kwanza, kwamba sisi tutumie data yako. Cha pili umekiacha wazi."

"Cha pili kinasemaje?"

"Tuwape na wenzetu wa chuo cha ng'ambo. Wana mashine inayosoma mapigo vizuri kuliko yetu."

Wakili akajiweka sawa kitini, kama mtu aliyesikia timu yake inatajwa.

"Moyo wangu hauna pasipoti, binti. Nilikubaliana na wewe, hao siwajui. Kisheria, ukiazimwa spana huna ruhusa ya kumwazima shemeji yako."

"Sheria gani hiyo?"

"Ya spana."

"Jina lako hawatalipata, mzee. Tunalifuta. Kwao wewe ni namba kumi na saba."

"Hata wakichunguza sana, hawatajua ni mimi?"

"Hawatajua."

"Wala nashinda wapi, nafanya nini?"

"Wala unashinda wapi."

Hapo uso wake ulilegea kidogo. Lakini Wakili hata akishinda kesi haachi kubisha.

"Sasa mmejikaanga kwa mafuta yenu wenyewe. Jina mmefuta. Wakiona balaa kwenye moyo huo, watampigia simu nani? Namba kumi na saba?"

Daktari akaacha kutafuta kalamu. "Kamati ya maadili nayo ilituuliza hilo hilo. Orodha ya majina iko kwenye kabati lenye funguo mbili. Mmoja ninao mimi, mmoja kamati. Halifunguliwi kwa umbea. Linafunguliwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, basi."

"Na nikikataa?"

"Ni haki yako. Data yako itabaki hapa, kwenye mashine yetu isiyoona vizuri." Alishusha pumzi. "Ila itaniuma. Kati ya wazee mia mbili, hakuna aliyekufikia. Hatua elfu kumi na moja kwa siku. Jumatano zinafika elfu kumi na nne."

"Jumatano ni siku ya soko," Wakili alisema kwa unyenyekevu, akivuta tumbo ndani.

"Wale wa ng'ambo hawataamini."

Mgema akisifiwa, mnajua anachofanya. Wakili alichomoa kalamu moja nyweleni mwa daktari, akaweka alama kisanduku cha pili, na chini yake saini ndefu ya mtu asiye na cha kuficha.

Wiki tatu baadaye alikuwa barazani kwake, kwenye kiti chake cha siku zote, akicheza drafti peke yake na kufungwa. Mkewe alipita na ndoo ya nguo zilizofuliwa, ya tatu tangu asubuhi, akairuka miguu ya mumewe bila kuitazama, akaelekea kwenye kamba uani.

Daktari aliingia getini. Nyweleni hakuwa na kalamu hata moja.

"Mzee wangu, kabati limefunguliwa."

Wakili akacheka. "Hatua zimewashinda kuamini?"

"Hatua wameziamini. Shida ni mapigo. Moyo wa namba kumi na saba unaruka. Unasimama, unajikumbusha, unaendelea. Labda unasikia uchovu, unauita uzee. Unatibika, lakini kuanzia dakika hii usinyanyue kitu kizito. Gari liko nje."

Kete ilimdondoka. Alimtazama daktari, akalitazama geti, akausukuma ubao wa drafti kando. Angepanda gari akanyamaza, aibu ingempita kando. Uani, ndoo iligonga ukuta, na mtu akakohoa.

"Mama watoto," aliita, na sauti haikuwa ya wakili yeyote. "Weka ndoo chini. Njoo ukae hapa kwenye kiti changu. Daktari amekuletea majibu yako."

Mama watoto amesoma mpaka hapa, miguu juu ya stuli, dawa zake pembeni. "Kumbe ile saa ndiyo ilikuwa zawadi ya miaka arobaini ya ndoa," amesema, kisha akauliza kama nimesahau kuwaambia Wakili ni nani. Niwieni radhi, mashuka nimeyaloweka tangu asubuhi.