Tope la Mfereji

Daktari alipouliza ni nani aliyepaka tope kwenye jeraha, mama mkwe wa Ruti alifungua mdomo, lakini Ruti akawahi kujibu.

"Ni mimi, daktari. Mimi ndiye niliyempaka tope."

Daktari alishusha pumzi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Ruti zaidi. Alieleza polepole kwamba kwenye tope na maji ya mashamba ya mpunga huishi vijidudu ambavyo ni nadra kumdhuru mtu. Kwa Lusungu, mume wa Ruti, vilipenya penye jeraha la mundu mguuni, vikaingia kwenye damu. Dawa zilimkuta ameshazidiwa, na asubuhi ile akakata roho.

"Tope la mfereji husimamisha damu," Ruti alinong'ona. "Kule Msangano watu hulipaka tangu zamani."

Nesta, mama wa marehemu, alikuwa ameketi kando yake kwenye benchi, mikono ameificha ndani ya kanga. Ezron, mwanawe pekee aliyebaki, alisimama mlangoni akimkodolea shemeji yake macho. Siku zote Lusungu alizolazwa, Ezron hakuleta hata kikombe cha uji. Leo ndiyo uchungu wa ndugu umempanda.

"Aliyempaka kaka yangu lile tope simtambui tena," alisema. "Hata akifa, simziki."

Walipoufikisha mwili nyumbani Msangano, turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa. Ruti alipiga magoti mbele ya Ezron.

"Shemeji, niache nimzike mume wangu tu. Nikishamtupia udongo, nitaondoka."

Ezron alimpa mgongo. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walijifanya hawakusikia. Ruti alifunga nguo zake kwenye kitenge, akajitwisha, akashika njia ya kwao Igamba. Nyuma yake waombolezaji walianza kuimba, wakimtoa mumewe ndani. Alimpenda sana mtu yule, na sasa watu wengine ndio waliokuwa wakimsindikiza. Alitembea akilia.

Kwenye kona alisikia mtu akihema. Alikuwa Nesta, peku, kanga imemporomoka begani.

"Mwanangu, kwa nini umejitwika lawama yangu?" aliuliza. "Tope nilimpaka mimi."

"Najua, mama," alisema Ruti. "Lakini mimi bado nina kwetu."