Mchungaji Alipanda kwa Miguu

Hivi wewe umewahi kumlisha mtu mkate mpaka kipande cha tatu, si kwa ukarimu, bali asipate nafasi ya kufungua mdomo?

Oddlaug alifanya hivyo asubuhi moja ya mwezi wa tatu, jikoni kwake, Stavanger. Saa nne redio ilikuwa imesema kwamba jukwaa la kuchimbia mafuta la kampuni ya Storskarv limelala upande huko baharini, na kwamba kuna kifo. Jina haikutaja. Redio haitaji jina kabla mchungaji hajagonga kwa wenyewe, ndivyo walivyozoea.

Sigbjørn, mume wa Oddlaug, alikuwa kwenye jukwaa hilo.

Jirani yake, Magnhild, alikuja kuazima hamira, na wote wawili walijua hakuna aliyetaka kuoka. Mume wake naye alikuwa huko huko. Mtaa ule haukuwa na nyumba ambayo Kampuni haikuchukua mtu.

"Akigonga kwangu nitamwambia amekosea," Magnhild alisema. "Nitamwelekeza kwako."

"Na mimi nitamrudisha kwako, shoga. Tena nitamsindikiza."

Wakacheka kidogo, kisha wakageukia dirisha, kwa sababu kule chini, kwenye kona ya duka la samaki, mchungaji alikuwa ameanza kupanda.

Miaka ya Kampuni, mtaa ule uliihesabu kwa kupanda kwa mchungaji. Mwanzo Kampuni ilikuwa na vyumba viwili tu juu ya kiwanda cha dagaa wa kopo, na jukwaa moja kuukuu lililonunuliwa kwa kampuni nyingine. Mwaka wa pili mchungaji alipanda kwa ajili ya mpiga mbizi wa Kampuni: Jostein, kaka yake Oddlaug. Kampuni ikajenga jengo la vioo, ikapata majukwaa manne. Helikopta ilipoanguka akapanda tena, milango mitatu kwa siku moja. Na kila mara aliletwa na gari jeusi la Kampuni, pamoja na bwana mmoja wa ofisini aliyeshika kofia mkononi.

Leo alikuwa kwa miguu, peke yake, mvua ya upepo ikimpiga usoni.

Magnhild aliacha kikombe akakimbilia kwake, maana habari ya namna ile mtu huipokea nyumbani. Mchungaji akalipita lango lake. Pazia la Magnhild likaanguka. Oddlaug akahesabu hatua kwenye mawe ya uani, na mlango ukagongwa.

"Mchungaji Lauvås, karibu. Vua koti, umelowa chapachapa."

"Oddlaug, nimekuja..."

"Kahawa kwanza."

Alimimina, na nusu ya kahawa ikaingia kwenye kisahani. Moyoni alikuwa na hesabu moja tu: maadamu mchungaji hajasema, Sigbjørn bado ni mtu wa kurudi Alhamisi na mfuko wa nguo chafu. Akatoa lefse, ule mkate mwembamba wa viazi, akapaka siagi, akanyunyiza sukari, akakunja. Mchungaji akala kama mtoto aliyeamriwa. Akapewa cha pili.

"Oddlaug, mama, sikiliza..."

"Hicho kina mdalasini. Onja utaniambia."

Akaonja. Cha tatu alikishika tu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na Oddlaug alipoiona, akavuta kiti, akakaa. Mtu aliyezoea kazi ile miaka yote, leo anatetemeka. Basi ni baya kuliko yote, akawaza. Pengine hata mwili haukupatikana.

"Siku ile ya Jostein," mchungaji akasema polepole, "mimi nilianza na lipi?"

Oddlaug akamtazama.

"Nilisimama au nilikaa?"

"Ulisimama. Ulitaja jina lake kwanza. Ukasema amekufa. Hukusema ametutoka, hukusema amelala. Kwa hilo nilikushukuru baadaye."

"Na hukulia."

"Nililia ulipofunga lango."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa taratibu, midomo ikicheza, kama mwanafunzi anayekariri. Mtu huyu ananinolea kisu mbele ya macho yangu, Oddlaug akasema moyoni.

"Nilikushika mkono, au sikukushika?"

"Ulinishika bega. Mchungaji, unanitesa."

"Najua. Nisamehe."

Birika likaanza kulia juu ya jiko. Oddlaug hakulitoa. Hakuwa na mkate tena wa kukunja, wala neno la kutanguliza. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akasema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua:

"Haya. Simama, kama siku ile. Taja jina."

Mchungaji hakusimama. Alijaribu, akarudi kitini.

"Kampuni ilipiga simu kunipa jina la kupeleka," akasema. "Moja tu. Sigbjørn yuko hai, na wa Magnhild yuko hai, wote wametolewa. Ni Halvard, mwanangu. Simu niliipokea mimi, mke wangu Ragna akaniona nachukua koti, akapiga magoti kuwaombea ninyi huku. Nimeuzunguka mtaa mara mbili, mlango wa kwangu nimeshindwa kuugonga. Nilitaka nikuombe, mama, twende wote, na wewe ndiye umwambie."